Zimwi lipumzikalo: alichokijua Toru Iwatani

Mei 2010, kwa siku mbili, ukurasa wa mbele wa Google uligeuzwa kuwa gemu. Herufi za jina la kampuni zilifanywa kuta, katikati ya kuta vikawekwa vichochoro, na ndani ya vichochoro duara la njano lilikuwa linakula nukta huku mazimwi manne yakilifukuza. Mimi nilikuwa intaneti kafe ya Kariakoo, nimelipia nusu saa nitume barua ya maombi ya kazi. Sauti ya king'ora ikatoka kwenye spika, binti aliyekuwa anachapa ripoti kwenye kompyuta ya jirani akageuka kutazama, na baada ya dakika tano naye alikuwa amefungua ukurasa uleule.

Kuna kitu kimoja cha siku ile ambacho hakijanitoka. Nilikuwa nimebanwa kwenye kona, zimwi jekundu nyuma yangu na la waridi mbele, nikajua nimekwisha. Ghafla yote manne yakageuza, kila moja likashika njia yake, yakaniacha. Nikadhani mtandao umekwama. Nikasogea, nikala nukta zilizobaki kwenye kile kichochoro, na kabla sijamaliza yakarudi. Raundi iliyofuata nikaanza kuhesabu. Yalikuwa yanafanya hivyo kwa vipindi, kama walinzi wanaopokezana zamu.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sikuwahi kuiona methali hiyo ikitembea mbele ya macho yangu mpaka siku ile. Mtu fulani, miaka 30 kabla, alikaa akaamua kwamba anayekimbizwa lazima apewe nafasi ya kuvuta pumzi, kisha akaitia huruma hiyo ndani ya mashine kwa sekunde zilizopimwa. Mtu huyo ni Toru Iwatani, Mjapani aliyebuni gemu ile, Pac-Man. Dunia inamjua kwa umbo la njano lenye mdomo wazi. Mimi nadhani kazi yake kubwa ni lile pumziko, na kwamba walioiga gemu yake kwa miongo minne wameiga mdomo wakaliacha pumziko.

Iwatani alizaliwa Tokyo, eneo la Meguro, tarehe 25 Januari 1955. Mwaka huohuo mfanyabiashara aitwaye Masaya Nakamura aliweka farasi wawili wa mashine, wale wanaopandwa na watoto kwa sarafu, juu ya paa la duka kubwa mjini Yokohama. Biashara ya farasi wawili ndiyo iliyokua ikawa kampuni ya Namco, na mwaka 1977 Iwatani, kijana wa miaka 22 aliyesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Tokai, akaajiriwa hapo. Alichokuwa anakitaka ni kutengeneza pinball, ile meza ya mteremko ambayo gololi ya chuma hurushwa juu ikagongwagongwa isidondoke. Namco haikuwa inatengeneza pinball. Wakakutana katikati: akabuni gemu ya skrini iliyochanganya pinball na kuvunja matofali, ikatoka 1978 kwa jina la Gee Bee, ya kwanza ambayo Namco iliibuni yenyewe. Mwaka 1979 zikafuata mbili za ukoo uleule, Bomb Bee na Cutie Q. Ni gemu za mtu anayejifunza kazi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita. Iwatani hakuwa mwandishi wa programu. Wakati ule hilo lilikuwa si la kawaida. Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, aliyeitoa Space Invaders mwaka 1978, alibuni saketi, akaandika programu na kuchora wale wavamizi, karibu yote kwa mikono yake mwenyewe. Iwatani alikuwa mpangaji. Programu ya gemu yake kubwa iliandikwa na Shigeo Funaki, sauti zikatungwa na Toshio Kai, yeye akaja na makaratasi: michoro ya vichochoro, maelezo ya nani afanye nini, lini na kwa sababu gani. Wapo wanaoona hilo linampunguzia sifa. Mimi naliona ndilo lililomfikisha alikofika. Anayeandika programu siku nzima hushindana na mashine, maana mashine ndiyo inayomkatalia. Asiyeandika anabaki na mtu mmoja tu wa kumfikiria, yule aliyesimama mbele ya skrini akiwa na sarafu mkononi.

Na huyo aliyesimama, mwaka 1979, alikuwa karibu kila mara mwanamume. Space Invaders ilikuwa imeijaza Japani kumbi za gemu, na gemu zilizokuja baada yake zilikuwa za kufyatua risasi. Namco yenyewe ilikuwa imetoa Galaxian mwaka 1979, nzuri na ya rangi, nayo ni risasi mwanzo mwisho. Iwatani aliingia kwenye kumbi hizo akaona vijiwe vya wanaume. Akajiuliza wako wapi wasichana, wako wapi wapenzi waliotoka matembezini jioni. Akaamua kutengeneza gemu kwa ajili ya watu ambao hawakuwa ndani ya chumba.

Njia aliyopitia kutoka swali hilo hadi jibu lake ina kasoro, na si vizuri kuifichia. Alifikiri wanawake wanapenda nini, akasema kula, akataja vitamutamu baada ya chakula. Hayo ni mawazo ya kijana ambaye hakuuliza sana. Lakini kitenzi alichokishika, kula, kilikuwa kikubwa kuliko sababu yake ya kukishika. Kila mtu anakula. Mtoto wa miaka minne akiona mdomo unaofunguka na kufumba mbele ya mstari wa nukta, hahitaji kuambiwa afanye nini. Gemu ya risasi inahitaji maelezo: nani adui, kwa nini nimpige, bunduki iko wapi. Mdomo unajieleza.

Kijapani kina tanakali sauti ya mdomo unaofunguka na kufumba wakati wa kula: paku paku. Kutoka hapo likaja jina la kwanza, Puck Man, na tarehe 22 Mei 1980 mashine ikawekwa Shibuya, Tokyo, kwa majaribio. Ilipokwenda Marekani baadaye mwaka huo, kupitia kampuni ya Midway, jina likabadilishwa likawa Pac-Man, maana herufi P ya Puck ingekwanguliwa kidogo tu na vijana watundu ingegeuka tusi la Kiingereza. Kuhusu umbo lenyewe, Iwatani amesimulia mara nyingi habari ya piza iliyoondolewa kipande kimoja. Amesema pia kwamba alikuwa na herufi ya Kijapani ya neno mdomo kichwani, ambayo ni mraba, akazilainisha pembe zake. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mtu mwenye wazo hulipata mara kadhaa kabla hajalitambua.

Sasa tuje kwa mazimwi, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Kuna mazimwi manne: jekundu, la waridi, la buluu nyepesi na la chungwa. Nakamura, bosi mwenyewe, alitaka yote yawe mekundu, akihofia mchezaji atadhani baadhi ni rafiki zake. Iwatani aliwauliza wenzake kazini, wote wakataka rangi nne, akamrudia bosi na jibu hilo, naye bosi akakubali. Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu rangi zile zilikuwa tabia. Iwatani aliona mapema kwamba mazimwi manne yenye akili moja yangejipanga mstari nyuma ya mchezaji kama siafu. Ungeyakimbia milele kwa kuzunguka. Kwa hiyo kila moja lilipewa namna yake ya kukutafuta.

Skrini imegawanywa katika vyumba vidogo vya mraba, 28 kwa upana na 36 kwa urefu. Jekundu linalenga chumba ulichomo wewe. Basi, hakuna zaidi; ndilo linalokuganda mgongoni. La waridi linalenga vyumba vinne mbele ya uso wako, kule unakoelekea, ndiyo maana unapata hisia kwamba linakujua. Ukikimbia jekundu unakwenda kupokewa na la waridi. La buluu lina hesabu ya ajabu: linachukua sehemu iliyo vyumba viwili mbele yako, linapima umbali kutoka lilipo zimwi jekundu hadi hapo, kisha linaurefusha umbali huo mara mbili na kulenga mwisho wake. Maana yake ni kwamba jekundu likiwa mbali, la buluu hutangatanga kama halina habari nawe. Jekundu likikukaribia, na la buluu linakubana. Wawili hao ni kama polisi na mgambo, mmoja hana nguvu bila mwenzake. La chungwa likiwa mbali nawe zaidi ya vyumba vinane linakufuata kama jekundu, likikusogelea ndani ya vyumba vinane linaingiwa na uoga na kurudi kwenye kona yake chini kushoto. Majina ya Kijapani yaliyowekwa kwenye mashine yanasema hivyohivyo: mfukuzaji, mviziaji, kigeugeu, na yule anayejifanya hajui kitu.

Hakuna zimwi linalopanga safari. Likifika njia panda linatazama vyumba vya jirani, linachagua kile kilicho karibu zaidi na shabaha yake kwa mstari ulionyooka, linakwenda. Haliruhusiwi kugeuka nyuma kwa hiari yake. Ni hayo tu. Programu nzima, pamoja na vichochoro, mazimwi, matunda na alama, ilikaa kwenye kilobaiti 16. Picha moja unayotumiwa WhatsApp ni kubwa kuliko hiyo. Na bado watu waliocheza wanakwambia kwa moyo wote kwamba la waridi ni janja na la chungwa ni zoba. Iwatani alijua kwamba binadamu, ukimpa tofauti ndogo za mwendo, atamalizia utu mwenyewe.

Ningekuwa mwalimu wa ubunifu ningesimama hapo wiki nzima. Lakini hata hayo mazimwi manne, yenye tabia nzuri kiasi hicho, yangekuwa mateso yasiyochezeka kama yangefukuza bila kukoma. Katika mahojiano yaliyochapishwa Marekani mwaka 1986, Iwatani alieleza kwamba alitaka mchezaji azingirwe, maana bila hofu hakuna gemu, ila aliona kuzingirwa na kusakwa muda wote ni mzigo mzito mno kwa kiumbe. Kwa hiyo akayafanya mazimwi yaje kama mawimbi: yanashambulia, yanatawanyika, yanajikusanya, yanarudi. Akaona hivyo ndivyo asili inavyokwenda.

Katika raundi ya kwanza mawimbi yako hivi. Sekunde 7 za mwanzo mazimwi yanakaa pembeni, kila moja na kona yake. Sekunde 20 yanakusaka. Sekunde 7 tena pembeni, sekunde 20 msako. Kisha mapumziko mawili ya sekunde 5, na msako mwingine wa sekunde 20 katikati yake. Baada ya hapo hayapumziki tena mpaka umalize raundi au ufe, na ukifa hesabu inaanza upya, kana kwamba mashine inakuonea huruma. Kila kipindi kinapobadilika, mazimwi yote hugeuka nyuma kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo ishara pekee unayopewa. Hakuna kengele, hakuna maandishi. Mchezaji wa kawaida hajui kwa akili kwamba kuna kipindi cha mapumziko; mabega yake ndiyo yanayojua, yanashuka.

Na pumziko haliko hapo tu. Ukimaliza raundi ya pili, gemu inasimama inakuonyesha kichekesho kifupi: zimwi jekundu linamfukuza Pac-Man likitoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine, kisha linarudi likikimbia, nyuma yake Pac-Man mkubwa ajabu. Hakipatikani alama hapo. Sarafu haiongezeki. Ni sekunde chache za kuachia mkono na kucheka na uliyekuja naye, kama alivyotaka yule aliyewafikiria wapenzi wa matembezi ya jioni.

Kisha kuna zile nukta kubwa nne za pembeni. Nukta zote ni 244, ndogo 240 na kubwa 4, na ukila kubwa mazimwi yanageuka buluu iliyoiva, yanatetemeka, yanakukimbia, na wewe ndiye mfukuzaji. Iwatani amesema wazo hilo alilitoa kwa Popeye, yule baharia wa vikatuni, na mchicha wake unaompa nguvu. Sisi tuliokua uswahilini tunalijua kwa jina jingine. Katika kombolela, kopo linapigwa teke, mmoja anabaki kutafuta na wengine wanajificha. Wakishakamatwa karibu wote, mmoja aliyebaki anatoka mbio gizani, anapiga kopo, mateka wote wanakuwa huru na mtafutaji anarudi mwanzo. Ile sekunde ya kopo kulia ndiyo raha yote ya mchezo, na haiwezi kuwa raha kama hukuwa umebanwa kabla yake. Tazama pia kwamba zimwi lililoliwa halifi. Linabaki macho mawili yanayoelea kurudi nyumbani katikati ya skrini, yanavaa mwili mpya, yanatoka. Katika ukumbi uliojaa gemu za kuua, mtu huyu alitengeneza adui asiyekufa.

Nimeita jambo hili huruma, na ni haki nionyeshe pia mipaka yake. Mashine ile iliwekwa ukumbini ili imletee mwenye ukumbi pesa. Mchezaji akikaa nayo saa nzima kwa sarafu moja, mwenye ukumbi amekula hasara. Kwa hiyo huruma ya Iwatani ina ratiba ya kwisha. Katika raundi ya kwanza nukta kubwa inakupa sekunde 6 za kuyafukuza mazimwi, raundi ya pili sekunde 5, ya tatu 4. Kuanzia raundi ya 19 haikupi kitu. Mazimwi yanageuka nyuma tu na kuendelea na kazi. Mapumziko manne ya raundi ya kwanza yanakuwa matatu kuanzia ya pili, kisha unafuata msako wa zaidi ya dakika 17, ambao kwa mchezaji wa kawaida maana yake ni milele. Hata kula kwenyewe kunakugharimu: kwa kila nukta ndogo unayokula unasimama sehemu moja ya 60 ya sekunde, kwa hiyo anayekula anakimbia polepole kuliko anayekimbia tu. Mlaji yuko hatarini kwa sababu anakula. Hiyo ni hesabu safi sana, na ina ukweli wa maisha ndani yake.

Hata hivyo hesabu hiyo ilikuwa ya haki. Mtaani Dar es Salaam leo, ukimwambia mtu mashine ya sarafu, atafikiria dubwi, yale makabati ya kamari yanayowaka taa nje ya vibanda, na vijana wamesimama mbele yake na hela ya chakula cha mchana. Kwa nje yanafanana na mashine za Iwatani: kabati, taa, muziki, tundu la sarafu. Kwa ndani ni vitu viwili visivyo na undugu. Dubwi halina kona ambayo ukiijua utakuwa salama. Pac-Man anazo. Mazimwi yake hayabahatishi ila yanapokuwa ya buluu ya woga, na hata kubahatisha huko huanza upya kwa mpangilio uleule kila raundi, kwa hiyo ukipita njia ileile kwa mwendo uleule, nayo yatapita palepale. Wachezaji wa Marekani waligundua hilo, wakachora njia kwenye karatasi, wakazikariri kama watu wanavyokariri qasida, na mtu akawa anacheza saa nyingi kwa robo dola moja. Sarafu ilinunua nafasi ya kujifunza. Ninapoona watu wakiziweka mashine hizo mbili kwenye kapu moja la michezo ya sarafu, naumia kidogo, kwa sababu moja ilimheshimu aliyeilipia na nyingine haimheshimu.

Kwa upande wa pili wa maisha ya gemu hiyo sina haja ya maneno mengi. Marekani ilipagawa. Ulikuja wimbo ulioingia kumi bora mwaka 1982, vikaja vikatuni vya televisheni, fulana, nafaka za asubuhi. Kitabu cha rekodi cha Guinness baadaye kiliandika mashine 293,822 zilizouzwa kati ya 1981 na 1987. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa toleo la kuchezea nyumbani ambalo mazimwi yake yalikuwa yanamemetuka kiasi cha kuumiza macho. Liliuzwa kwa mamilioni na likawaacha wengi na kinyongo. Mwaka huohuo vijana wa Massachusetts walioacha masomo wakatengeneza Ms. Pac-Man, gemu nzuri kwelikweli, wakayatia mazimwi kiasi cha kubahatisha ili zile njia za kukariri zisifanye kazi. Wamarekani wengi wanaipenda kuliko ya kwanza. Naelewa kwa nini, lakini kuna kitu kilipungua: ukishaondoa uhakika, huwezi tena kulijua zimwi, na methali yetu inadai ulijue na likujue.

Iwatani alipata nini? Katika mahojiano ya miaka ile ya 1980 alisema wazi kwamba hakupata nyongeza ya mshahara wala bonasi kwa ajili ya Pac-Man. Alikuwa mwajiriwa, kazi ya mwajiriwa ni mali ya kampuni, mwezi ulipoisha akalipwa kama kawaida. Jina lake halikuwa kwenye skrini. Sisikii uchungu katika maneno yake, naye amekanusha habari zilizoenea kwamba aliondoka Namco kwa hasira. Uchungu nausikia mimi. Kampuni ilivuna kwa miaka 40 kutoka kwenye daftari la kijana wa miaka 25, na hata kama sheria ya mkataba inaruhusu, mkono wa shukrani ungeweza kunyooshwa. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaochora gemu za simu kwa ajira ya mwezi, na wanaosaini mkataba bila kuusoma kifungu cha nani anamiliki wazo, wana sababu ya kuijua habari hii mapema.

Baada ya Pac-Man alishiriki kwenye Pole Position ya mwaka 1982, gemu ya mbio za magari iliyoweka njia kwa nyingi zilizofuata. Kisha akapanda cheo, na kama ilivyo kwa mafundi wengi wazuri, kupanda cheo kukamwondoa kwenye benchi la kazi. Akawa msimamizi wa kazi za wengine. Mwaka 2007, akiwa bado na Namco iliyokuwa imeshaungana na Bandai, aliongoza toleo jipya la Pac-Man kwa ajili ya Xbox 360, mashine ya gemu ya nyumbani, ambalo ndani yake kichochoro hubadilika unapokula na saa inakimbia dakika tano. Mwaka uleule akaacha kampuni baada ya miaka 30, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Politekniki cha Tokyo. Mwaka 2011 alisimama San Francisco mbele ya watengenezaji wa gemu wa dunia akawaonyesha makaratasi yake ya mwanzo: penseli, mistari ya mkono, vichochoro vilivyofutwa na kuchorwa tena. Mwaka uliofuata jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, likaiingiza Pac-Man kwenye mkusanyiko wake.

Lakini kati ya mashine zote hizo iko moja ambayo Iwatani mwenyewe, katika mahojiano yaleyale ya 1986, alisema anaipenda zaidi, kwa sababu aliiona ni hatua mbele ya Pac-Man. Inaitwa Libble Rabble, ya mwaka 1983. Haikuvuma nje ya Japani, na hata wapenzi wa gemu za zamani wengi hawajaigusa. Unaongoza mishale miwili kwa wakati mmoja, mkono wa kushoto mmoja, wa kulia mwingine, na kati ya mishale hiyo kuna kamba. Uwanja umejaa vigingi. Unazungusha kamba kwenye vigingi, unaifunga, na viumbe vya uyoga vilivyobaki ndani vinanaswa vyote mara moja. Hakuna risasi, hakuna mdomo. Mtu aliyeianza kazi kwa kutaka kugonga gololi kwa mikono miwili alirudi, miaka sita baadaye, kwenye mikono miwili.

Nimeipata mwaka huu, nikaunganisha rimoti yenye vishikio viwili kwenye kompyuta. Siku ya kwanza mikono ilikataa kabisa. Kila nilichoamuru kulia, kushoto nako kulifuata, na kamba ikaburuzwa uwanjani bila kukamata kitu. Siku ya tatu nikaona kwamba kukiwa na kigingi kimoja katikati, mkono mmoja unaweza kusimama kabisa, ukangoja, huku mwenzake unamaliza mzunguko. Nikaufunga mduara, viumbe vinne ndani. Tangu hapo nacheza hivyo: huu unakwenda, huu unapumzika.